Mwalimu wetu abaki au tumlete mgeni? Nimewapima wote wawili kabla ya kikao cha Jumapili

Wadau, Jumapili saa nane mchana tunakaa kikao na ajenda ni moja, mwalimu wa timu yetu ya mpira abaki au aondoke. Naona wengi mshaamua kwa hasira ya juzi, na hasira hiyo hata mi ninayo, tumepigwa tatu bila nyumbani kwetu, mbele ya wale mama wa ndizi za kuchoma pale getini ambao gemu ikianza wanaacha jiko wanakuja kusimama kwenye kamba. Ila kikao kinatakiwa kiamue nani asimame pembeni ya uwanja kwenye mechi 9 zilizobaki, na mezani kuna watu wawili tu, huyu tuliyenaye na yule anayetajwa aliyekuwa anafundisha huko Rungwe. Majina siandiki, wote mnawajua, huyu namuita mwalimu wetu na yule namuita mgeni. Nimekaa siku tatu nawapima upande kwa upande na nimeweka hata yale yanayoniuma kwa upande ninaoupenda.

Hali yetu kwanza ili tusidanganyane. Mechi 13, tumeshinda 2, sare 4, tumefungwa 7, pointi 10, wa pili kutoka mkiani. Wawili walio juu yetu wana 12 kila mmoja. Hatujafa, lakini tukipoteza mbili zijazo tutaanza kupiga hesabu za kuombea wenzetu wafungwe na hizo hesabu mi sizitaki tena, mwaka juzi zilitutesa sana.

Tuanze na mpira wenyewe maana ndo ugomvi mkubwa ulipo.

Mwalimu wetu ni muumini wa beki tatu. 3-4-3, yaani watatu nyuma, wanne katikati, watatu mbele, kipa anaanza kwa pasi fupi, mmoja wa wale mabeki watatu anapanda na mpira, wing beki wote wawili wanakwenda juu mpaka wanakuwa kama mawinga, na katikati wanabaki viungo wawili. Uwanja ukiwa mkavu ni mpira mzuri, hilo nani atabisha, mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza tulifunga goli lililoanzia kwa kipa, pasi saba, mpira haujanyanyuka hata mara moja, na wazee wa pale kwenye benchi la mbao walisimama wakapiga makofi. Siku ile hakuna aliyesema mfumo ni mbovu.

Shida imekuja na mvua. Mbeya mnaijua, kuanzia Novemba mpaka Aprili ni maji, na uwanja wetu upande wa goli la kule mlimani maji hayana pa kwenda. Juzi dakika ya 20 hivi nilikuwa nimesimama nyuma ya goli lile, hatua kama sita kutoka kwenye nyavu. Kipa kaudaka, kaangalia mbele, kaangalia benchi, afu kafuata maelekezo, kampasia beki wa kushoto chini chini. Mpira ukafika kwenye dimbwi ukasimama. Ukasimama kabisa, unazunguka palepale juu ya maji, beki wetu anaukimbilia na straika wao anaukimbilia, wetu akateleza goti likazama kwenye tope, jamaa akaugusa mara moja kwa nje ya mguu na kipa hajarudi hata golini. Moja bila. Kipa hakumlaumu mtu, alitoa mpira kwenye nyavu akaufuta tope kwa jezi yake akautupa katikati. Dakika kumi baadae akapewa mpira tena na akapasi palepale.

Hiyo ndo kesi nzito kuliko zote dhidi ya mwalimu wetu na siifichi. Kufungwa kila timu inafungwa, ila mvua inanyesha toka asubuhi, dimbwi analiona kila mtu, goli limeshaingia kwa sababu ya dimbwi hilohilo, na maelekezo hayajabadilika, hapo lazima mtu aulizwe.

Kesi ya pili ni ya katikati. Timu zote zilizotuona mara moja zinakuja na viungo watatu, sisi tunao wawili, kwaiyo kila mara kuna mmoja wao yuko huru. Beki akitoka kumfuata anaacha shimo nyuma, asipotoka jamaa anageuka anaangalia goli. Waliofuatilia Man United msimu wa 2024/25 picha hii wanaijua. Kocha Ruben Amorim alitoka Sporting na ubingwa mara mbili, 2021 na 2024, akaja na 3-4-3 hiyohiyo Novemba katikati ya msimu, akakuta wachezaji walionunuliwa kwa mfumo mwingine, viungo wawili wakawa wanazidiwa wiki hadi wiki, wakamaliza wa 15 na pointi 42 na fainali ya Europa wakafungwa na Tottenham moja bila kule Bilbao. Afu kuna Conte na Chelsea yake, Septemba 2016 alipigwa tatu na Arsenal, akahamia 3-4-3 msimu ukiwa unaendelea, akashinda mechi 13 za ligi mfululizo na kombe akabeba. Mfumo uleule. Mi naona tofauti kubwa ilikuwa pale katikati, Conte alikuwa na Kanté anayekaba kwa niaba ya watu wawili, kwaiyo viungo wake wawili ukiwahesabu uwanjani ni watatu. Sisi tuna dogo wa miaka 18 anajituma mpaka unamuonea huruma, ila dakika ya 70 miguu imeisha na hakuna wa kumbadili.

Sasa mgeni. Yeye ni 4-4-2, mabeki wanne hawavuki nusu hovyo, mawinga wanakaa pembeni, mpira mrefu mapema, krosi, watu wanaingia kwenye boksi. Kwa uwanja wetu wa sasa hivi huo ni mpira wa akili, dimbwi haliwezi kusimamisha mpira unaopita juu. Na unafundishika haraka, wiki mbili tu kila mtu anajua asimame wapi mpira ukiwa upande ule. Timu yake ya Rungwe niliiona mara mbili mwaka jana, mistari miwili ya watu wannewanne imekaa kama imepigwa kamba, ukiwachungulia kutoka juu ya kilima unaona kabisa wanasogea pamoja. Timu ndogo kumtoa mkubwa kwenye uwanja wake siyo jambo la ajabu huku kwetu, Ihefu walipocheza na Yanga kule Mbarali tarehe 29 Novemba 2022 Yanga ilikuwa na mechi 49 za ligi bila kufungwa, ikatangulia kufunga kabisa, na bado ikaondoka imelala 2-1. Ihefu hawakuwa na kikosi cha kushindana na Yanga pasi kwa pasi. Uwanja ule walikuwa wanaujua wao.

Ila kabla hamjapiga makofi muangalie straika wetu. Ana kasi, ana moyo, lakini ni mfupi, mipira mitano ya juu hashindi hata mmoja. Mpira mrefu kwa mtu mfupi ni kuwarudishia wapinzani mpira kwa heshima zote. Mgeni kule Rungwe alikuwa na yule namba tisa mrefu aliyekuwa anakaa na mpira kifuani mpaka wenzake wafike, na huyo mtu haji naye. Alafu kuna kitu naona watu wanakisahau kwenye huu mjadala, 4-4-2 nayo katikati ina viungo wawili tu! Tukimleta mgeni shimo la katikati linabaki vilevile, linapungua tu kama mawinga wake watakubali kuingia ndani kukaba, na mawinga wetu mnawajua, yule wa kulia mpira ukipotea anashika kiuno.

Kwaiyo kwa mpira peke yake nampa mgeni alama kwa sababu ya tope na kwa sababu ya haraka, ila siyo kwa umbali ule mnaoufikiria.

Ratiba nayo inambeba mgeni kidogo. Kwenye 9 zilizobaki 5 ni ugenini, na kati ya hizo mbili ni Kyela na moja Tukuyu. Kyela iko chini kule karibu na Ziwa Nyasa, mita kama 500 tu, joto linakupiga ukishuka kwenye gari, na vijana wetu wanalala na kufanya mazoezi kwenye mita 1,700 na baridi yetu hii. Watu wanadhani kutoka juu kwenda chini ni faida ya pumzi, kweli pumzi ipo, lakini joto linamaliza maji mwilini na mwalimu wetu anataka presha juu, yaani kuwakimbiza wapinzani kwenye nusu yao, mwanzo mwisho. Mara ya mwisho tumecheza kule tulikuwa tunaongoza mpaka mapumziko, dakika ya 60 nikaona beki wetu anachuchumaa mpira ukiwa unaendelea. Tulifungwa mawili dakika kumi za mwisho. Mgeni ameshashuka Kyela na timu zake mara nyingi, anajua kukaa nyuma, kupumzika bila mpira, kupiga kaunta mbili tatu na kurudi na pointi. Tukuyu sina la kusema sana, kule mvua ni ya kila siku na matope ni yaleyale.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho kwangu kina uzito kuliko fomesheni, je vijana bado wako naye?

Kocha akishakatwa na wachezaji, yaani wakiacha kumchezea, hakuna mfumo utakaomuokoa. Leicester walikuwa mabingwa wa Uingereza 2016 na Ranieri, Februari 2017 wakamtoa wakiwa pointi moja tu juu ya mstari wa kushuka, watu dunia nzima wakalia kwamba ni ukatili, na ulikuwa ukatili kweli, ila msaidizi wake Craig Shakespeare alipokabidhiwa, watu walewale wakaanza kukimbia na kushinda, wakamaliza wa 12. Kwa mwenendo ule nguvu walikuwa nazo siku zote, ila kwa Ranieri walikuwa hawaitoi tena. Upande wa pili muangalie Arteta, Krismasi ya 2020 Arsenal walikuwa wa 15, mechi 14 pointi 14, kila mtu anataka aondoke. Tarehe 26 Desemba akamuingiza Smith Rowe pale namba kumi, nyuma ya straika, wakampiga Chelsea 3-1, msimu ule wakamaliza wa 8, na miaka iliyofuata wakawa wa pili mara tatu mfululizo. Kwenye ule ubaya wote wachezaji walikuwa bado wanamkimbilia, na yeye alikubali kubadili watu.

Kwetu nimeangalia vitu vitatu. Mazoezi, Jumanne baada ya kipigo walifika 21 kati ya 24, na mvua ilikuwa inanyesha, na hakuna posho ya mazoezi tangu Desemba. Uwanjani, goli la tatu lilipoingia juzi nilikuwa nawaangalia miguu, watu saba walirudi mbio mpaka kwenye boksi wakati mechi imeshaisha, timu iliyomkata mwalimu hairudi hivyo. Na baada ya mechi, mashabiki tumeondoka na matusi yetu, vijana walikaa chini ya ule mkaratusi na mwalimu wao karibu nusu saa, yeye amechuchumaa na lile daftari lake kalifunika kwa mfuko wa nailoni lisilowane, nahodha anaongea na yeye anasikiliza. Sikusikia walichosema. Ila nilimuona nahodha akichora kitu kwa kidole kwenye tope na mwalimu akitikisa kichwa kukubali.

Mgeni hapa hana alama yoyote bado, siyo kwa ubaya, hawamjui tu. Na ana sifa ya kuja na vijana wake wanne watano, ambayo kwa timu nyingine ni faida, kwa yetu ina maana dogo wa 18 anakaa benchi na wale wawili waliopandishwa kutoka timu ya vijana wanarudi walikotoka.

Kuna wale wanaosema timu ikibadili kocha inaamka. Inaamka, nimeona mara nyingi, ila mi naomba muangalie timu ilikuwa na nini kabla. Yanga msimu wa 2024/25 walimtoa Gamondi Novemba baada ya kufungwa na Azam na Tabora United, akaja Ramovic, Ramovic akaondoka Februari, akaja Hamdi, makocha watatu msimu mmoja na ubingwa wakachukua, kwa sababu kikosi kile hata ungekaa wewe benchi kina wachezaji wa kukubeba. Southampton 2022/23 nao makocha watatu, Hasenhüttl, Jones, Sellés, wakashuka wakiwa wa mwisho kabisa. Watford msimu uliotangulia nao watatu, wakashuka. Kikosi chetu mnakiona kinafanana na cha nani hapo? Na kuna jambo jingine, ukishafungwa mfululizo na timu za juu, zinazofuata lazima ziwe za chini, na sisi kwenye zile nne za mwisho tulizopoteza tatu zilikuwa na timu zilizo kwenye nne bora. Kocha yeyote akija sasa hivi ataonekana kaamsha timu hata asipobadili kitu.

Huku kwetu nyanda za juu tuna mifano yetu pia. Mbeya City msimu wa 2013/14 imepanda tu ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, na kocha Juma Mwambusi alikuwa nao toka chini, hakuokotwa Januari. Lipuli ya Iringa 2019 na kocha Matola ilifika fainali ya kombe la shirikisho, ikafungwa na Azam moja bila kule Lindi, Matola akaondoka, msimu uliofuata ikashuka daraja. Sitasema ni kocha peke yake, klabu za huku hela zikikauka kila kitu kinakwenda pamoja, lakini aliyekuwa ameishika timu ile alipotoka hakuna aliyeishika tena vile.

Hela nitapita haraka. Mwalimu wetu ni laki mbili kwa mwezi na tunamdai uvumilivu wa miezi miwili, yaani hajalipwa na anakuja. Mgeni anataka laki tatu na nusu na msaidizi wake juu. Tukimtoa wa kwanza ile laki nne yake lazima ilipwe, mi sitasaini karatasi ya kumtoa mtu anayetudai. Ukijumlisha ni hela ya mafuta ya safari zote mbili za Kyela.

Kwaiyo kura yangu. Mi nitanyoosha mkono abaki, lakini abaki kwa masharti na masharti hayo yaandikwe kwenye muhtasari asaini. La kwanza, uwanja ukiwa na maji kipa apige mrefu, upande wa wing beki wa kushoto ambaye ana urefu, siyo kwa straika. La pili, aongeze mtu katikati, abaki na beki tatu zake kama anazipenda ila 3-5-2, yule winga wa kulia anayeshika kiuno akae nje na dogo apate wa kumsaidia. La tatu, Kyela asipandishe presha baada ya mapumziko. Niliongea naye Jumatano jioni pale stendi ya bajaji, nikamwambia hayo yote usoni kwake na kwa heshima, nikitegemea atakasirika. Alifungua daftari akanionyesha, 3-5-2 ilikuwa imechorwa tayari, na jina la winga wa kulia limewekwa kwenye mstari wa akiba. Akasema, kaka, nahodha kaniambia hivyohivyo Jumapili.

Kama wewe unaona mgeni ndo afadhali, sababu zako nzuri ni mbili, tope na Kyela, na hizo nimeshazikubali. Na kuna kitu kimoja kitakachonifanya nibadili kura palepale kikaoni. Nahodha akiitwa, akaulizwa bila mwalimu kuwepo, akasema vijana hawamuelewi tena, basi nitamleta mgeni mwenyewe kwa bodaboda kutoka stendi. Naomba katibu aweke hilo la nahodha liwe la kwanza kwenye ajenda kabla hatujaanza kurushiana maneno, watu wakishapandisha sauti kijana wa miaka 24 hataweza kusema ukweli mbele ya wazee.

Na mechi ya Kyela ni Jumamosi ijayo, yeyote atakayekuwa benchi. Gari linatoka Kabwe saa kumi na moja alfajiri, zimebaki nafasi nne, na maji ya kunywa ya vijana bado hatujapata, zinatakiwa katoni sita, mwenye uwezo wa hata moja amuone mhazini kabla ya Alhamisi.